Mwosha Maneno

Stambuli alikuwa mshenga, na katika milima ya Mgeta hapakuwa na kazi iliyohitaji uongo mwingi zaidi kwa nia njema. Upande wa mwanamume ukisema, "Binti yao ana miguu kama mchi, lakini tutavumilia," Stambuli alivuka bonde, akakaa, akanywa pombe aliyokaribishwa, akasema, "Wameusifu mwendo wa binti." Upande wa binti ukijibu, "Wale ni wezi wa kuku tangu enzi za babu yao," alirudi akasema, "Wanakumbuka kwamba mmejuana tangu zamani." Ndoa ilifungwa. Wenyewe walipokuja kugundua habari za miguu na kuku, walikuwa wamekwisha kupata watoto, na mshenga amekwisha kula chake.

Kazi hiyo aliiita kuosha maneno. Neno, alisema, hutoka kinywani na matope yake kama kiazi kinavyotoka ardhini, na hakuna mtu mwenye adabu anayempelekea mgeni kiazi kisichooshwa. Mkewe Hidaya, ambaye aliusikia mfano huo mara nyingi kuliko afya ya ndoa inavyoruhusu, alikuwa na jibu moja tu.

"Mwosha huoshwa, baba. We ngoja."

Stambuli alikuwa na jembe la ushenga, jembe la mkono ambalo halikuwahi kulima. Mshenga akiingia uani alililaza chini, na tangu hapo mpaka aliokote, hakuna aliyeruhusiwa kumpiga, kumtemea mate, wala kuinua silaha mbele yake. Ilikuwa sheria nzuri, iliyotungwa na watu waliokwisha kuhudhuria mazungumzo ya mahari. Ukiongeza kwamba ujanani Stambuli alikwenda Bagamoyo akibeba meno ya tembo ya watu wengine, akarudi na bega lililopinda na Kiswahili kilichonyooka, umekwisha kumjua karibu kabisa.

Dada yake alipofariki aliacha watoto wawili, Kibwana na Yuliana. Kwa Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, kwa hiyo wakitenda mema husifiwa mama, na wakitenda mabaya huulizwa mjomba. Yuliana aliolewa na Severini, mwalimu wa dini aliyeletwa na mapadre kufundisha ng'ambo ya kijito. Kijito chenyewe kilikuwa chembamba. Mtu akiwa na njaa upande huu aliweza kurushiwa ndizi kutoka upande ule. Ndoa ile Stambuli ndiye aliyeishenga, na kwa maoni yake ilikuwa safi kuliko zote. Hakuna neno hata moja lililofika likiwa na matope.

Kisha ukaja mwaka 1905. Habari zilipanda kutoka kusini kwamba ipo dawa ya maji, na kwamba anayekunywa, risasi za Mdachi zitamtiririka mwilini kama mvua. Watu waliobeba vibuyu walifika mpaka milimani. Upande wa Kibwana wa kijito walikunywa karibu wote. Wachache walikunywa kwa imani, wengine kwa sababu majirani walikuwa wanatazama. Upande wa Severini, ambako waliishi Wakristo na waliokuwa wakifikiria kuwa Wakristo, hawakunywa. Ndizi zikaacha kurushwa.

Stambuli alimkuta mpwa wake akinoa mkuki juu ya jiwe.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Naona unajiandaa kuwinda."

"Ndiyo. Na nyama yenyewe naijua jina." Kibwana hakuinua uso. "Mwambie mkwe wako anywe dawa, yeye na watu wake wote. Wasipokunywa nitavuka kuichoma nyumba yake, na ile nyingine anayoimbia. Tena mwambie sijasahau. Mwaka jana nililazwa kifudifudi kwenye shamba la pamba la akida, yeye akasimama kivulini, kofia mkononi, akatazama nikichapwa mpaka mwisho. Watu wa misheni husikilizwa na akida. Hakusema neno. Mwambie hivyo hivyo."

"Hivyo hivyo," alisema Stambuli, na kwa kweli alikuwa na nia hiyo mpaka alipofika katikati ya gogo la kuvukia kijito.

Severini alikuwa bustanini akimwagilia kabichi, mmea ulioletwa na mapadre ambao mlima mzima ulikuwa bado unajiuliza unaliwa upande gani. Stambuli alilaza jembe, akakaa.

"Shemeji yako ana majonzi," alisema. "Anatamani mrudi kuwa kama zamani. Anataka kuja kukusalimu."

"Kibwana? Kusalimu?" Severini aliweka kata chini. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti iliyozoea kusikilizwa na watoto. "Sikiliza, baba mkwe. Mwambie akivuka hapa na kibuyu chake, namtuma kijana wangu Agustino aende Morogoro, bomani, akawalete askari. Mwambie damu itakuwa juu yake, na kwamba kuwadanganya watu waikabili bunduki ni dhambi ya kuua. Akija mikono mitupu, basi, chakula kipo."

Stambuli alirudi. Njiani aliosha. Askari walikuwa doa kubwa, likatoka la kwanza; dhambi ikafuata; kikabaki chakula.

"Anasema karibu," alimwambia Kibwana. "Maneno yako ya dawa anayafikiria. Nadhani ameanza kulainika."

Kibwana aliutazama mkuki wake kama mtu aliyeambiwa kwamba harusi imeahirishwa. Lakini usoni mwake kulipita kitu ambacho Stambuli alikijua kutokana na kazi yake: nafuu. Mzee alikwenda kulala akiwa ameridhika. Alikuwa amezuia vita kwa safari mbili na bila kulowa miguu.

Kibwana alivuka kesho yake mchana, pamoja na wenzake na ngoma mbili na mtu wa kibuyu. Mikuki waliiacha, kwa kuwa huendi kwa mtu anayelainika ukiwa na mkuki. Severini naye alichinja kuku na kuvaa koti. Waliketi. Wakaulizana hali. Ilikuwa karibu iwe siku njema.

Kisha yule mtu wa kibuyu, kwa kuwa alikuwa na nyumba nyingine za kwenda, alichovya usinga wake akamnyunyizia mtoto wa Yuliana kichwani. Severini aliruka. Mkono wake ulikipiga kibuyu, kibuyu kikapiga jiwe la figa, kikapasuka. Dawa ilitiririka uani mpaka bustanini, kwenye kabichi, ambazo tangu siku hiyo hazikudhuriwa na risasi hata moja.

Wenzake Kibwana waliziacha ngoma, wakasimama.

"Umeniita," alisema Kibwana polepole, "ili unidhalilishe mbele ya watu wangu."

"Nimekuita mimi? Umejipenyeza kwangu kwa jina la salamu!"

"Kesho nitavuka. Na kesho sitakuja kusalimu."

"Na mimi mtu wangu atakuwa njiani kabla hujavaa!"

Waliachana wakipiga kelele, na kila mmoja aliamini kwa moyo safi kwamba mwenzake amemtega. Stambuli alibaki ameketi karibu na chungu. Yuliana, mtoto mgongoni, alikuwa akiokota vipande vya kibuyu.

"Mjomba," alisema bila kumtazama. "Mume wangu ulimwambia nini?"

"Mwanangu, sasa si wakati wa..."

"Na kaka yangu ulimwambia nini?"

"Niliwaambia yatakayowafaa."

"Yatawafaa makaburini." Alivimwaga vipande mbele ya miguu ya mzee. "Umewapelekea watu wawili waliokasirika, kila mmoja, habari kwamba mwenzake ameshindwa. Ungewapelekea moto, wangejua ni moto."

Kila mtu katika bonde lile alijua kitakachofuata. Askari wakipanda hawaulizi nyumba hii ni ya nani. Wanachoma maghala ya pande zote mbili, na yule aliyekoswa na risasi hukutwa na njaa. Kwa Stambuli hesabu ilikuwa fupi zaidi. Kibwana akivuka, ama atamuua mume wa dada yake, ama atauawa. Na askari wakija, watamning'iniza Kibwana. Namna yoyote, kwenye kaburi atasimamishwa yeye, mjomba, aulizwe.

Hidaya alimsikiliza mpaka mwisho. Hakusema mwosha huoshwa, na hilo lilimtisha mumewe.

"Sasa nifanye nini?" aliuliza Stambuli.

"Kapeleke viazi na matope yake."

"Watauana."

"Hilo wanakwenda kulifanya hata hivyo. Angalau wauane kwa sababu za kweli."

Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala bondeni, Stambuli alikwenda kwenye gogo lililolala juu ya kijito kama daraja. Alilaza jembe katikati ya gogo. Kisha akakaa kando yake, miguu ikining'inia juu ya maji, akaanza kungoja pande zote mbili, akiwa na hofu ya kila upande.

Walifika karibu pamoja. Kibwana na wenzake walikuwa na mikuki. Ng'ambo, Severini alikuwa na panga, na nyuma yake Agustino, kijana mwenye miguu myepesi kuliko wote, tayari amefunga chakula cha safari mgongoni.

"Mjomba, okota jembe lako," alisema Kibwana. "Hapa hakuna posa."

"Ipo."

"Ya nani?"

"Ya mwanamume mpumbavu na shemeji yake mpumbavu. Mshenga wao ni mpumbavu kuliko wote, kwa hiyo leo mtasema wenyewe. Jembe limelala. Anayetaka kunipita anikanyage, kisha awaeleze wazee kwamba amemkanyaga mshenga."

Mmoja wa wenzake Kibwana alisema kwamba mzee amelewa. Mwingine alisema hapana, akilewa huwa anaimba. Lakini hakuna aliyekanyaga gogo. Watu waliokuwa tayari kuikabili bunduki ya Mdachi hawakuwa tayari kuvunja sheria ya mahari.

Ndipo Stambuli akayatoa yote. Aliyasema kwa sauti, bila kupunguza, moto na askari na dhambi na kofia mkononi. Alisema pia jinsi alivyoyapeleka, lipi alilitoa na lipi alilitia. Haikuwa rahisi. Mara mbili ulimi wake wenyewe ulijaribu kulainisha, naye akalazimika kurudia sentensi tangu mwanzo.

"Hayo ni maneno yako?" Stambuli alimwuliza Kibwana.

"Ni yangu."

"Na hayo ni yako?"

"Yangu," alisema Severini.

"Basi fanyeni kama kwenye posa. Asiwepo wa kujibu kabla hajauliza. Uliza, usikie, halafu ukitaka mchome."

Maji yalipita chini ya gogo bila kushughulika na mtu. Severini ndiye aliyeanza, na haikuwa kwa wema. Alitaka tu kuonyesha kwamba shtaka ni la uongo.

"Uliniona? Pale shambani. Uso wako ulikuwa ardhini."

"Kabla hawajanikandamiza kichwa nilikuona. Nikajua nimepona. Nikasema moyoni, shemeji yupo, atasema neno." Kibwana aliuhamishia mkuki mkono mwingine. "Nilihesabu viboko nikikungoja. Baadaye nikaacha kuhesabu."

Watu wa upande wa Severini walimgeukia. Wengi hawakuwahi kuisikia habari hiyo.

"Niliogopa," alisema hatimaye.

"Uliogopa nini? Wewe una padre!"

"Mzee amesema tuulize. Uliza vizuri."

Kibwana alitema mate majini, akatulia. "Haya. Ungesema neno, wangekufanya nini?"

"Labda wangenilaza kando yako."

"Basi ningepata mtu wa kuongea naye."

Mtu mmoja alicheka, sauti ikamtoka kabla hajaizuia, na mwingine ng'ambo akacheka kwa sababu ya yule. Kibwana hakucheka. Lakini aliusimika mkuki ardhini, ncha ikiwa chini, akauegemea kama mtu aliyechoka.

"Sasa mimi," alisema Severini. "Hiyo dawa. Unaiamini kweli, au unaipenda kwa sababu ya wanaoichukia?"

"Wewe kanisani kwako padre anakunywa mvinyo, mnasema ni damu. Nilikuuliza kama unaamini?"

"Hukuuliza."

"Sasa nakuuliza."

Severini alieleza. Alieleza kwa urefu, kama walimu wanavyoeleza, na Kibwana alisikiliza huku amekunja paji la uso, akikatiza hapa na pale. Mwisho akasema, "Kwa hiyo na wewe umeambiwa jambo usiloliona, na aliyekuambia ametoka mbali, na ukilikataa huna pa kusimama."

"Ndiyo," alisema Severini, ambaye hakulitarajia. "Karibu hivyo."

"Na kuhusu risasi padre anasemaje?"

"Kuhusu risasi padre hajaahidi lolote."

"Basi dawa yangu inazidi yako."

"Au padre wangu ni mwangalifu zaidi. Kibwana, kuna watu wa bondeni waliokunywa, wakaiendea bunduki. Nimewaona waliowazika."

"Na mimi nimesikia. Wengine wanasema walivunja miiko. Wengine wanasema hapana. Sijui. Lakini nikiacha dawa, nabaki na nini? Nabaki na pamba."

Severini alilaza panga lake majanini, akakaa ukingoni.

Walikaa pale mpaka ukungu ukapanda. Hakuna aliyemgeuza mwenzake. Severini alibaki akiamini kwamba dawa ni uongo unaoua. Kibwana alibaki akiamini kwamba sala ni pamba kwa jina jingine. Walichokubaliana kilikuwa kidogo: Agustino atafungua chakula chake akile hapo hapo, na mikuki haitavuka kijito.

"Lakini jambo moja ujue," alisema Kibwana. "Akija mtu kuniuliza kama nimekunywa, sifichi."

"Na mimi ujue," alisema Severini. "Sisemi uongo. Ni dhambi."

"Tumesikia," alisema Stambuli, akaokota jembe.

Askari walipanda baada ya mvua za kwanza. Hakuna aliyewaita. Walikuwa wakifuata watu wa bondeni waliokimbilia juu, na nyuma yao walivuta kamba yenye wanaume waliofungwa shingo kwa shingo. Walikusanya kila waliyemkuta kwenye ua wa Severini, kwa sababu ulikuwa na mwenye koti. Kibwana alikuwamo. Alikuwa amekuja kumwona mtoto wa dada yake, bila mkuki, kifua wazi.

Mkuu wao alikuwa shaushi mzee, Mnubi, ambaye goti lilikuwa linamsumbua na aliuchukia mlima ule kama adui wake binafsi. Alipita nyuma ya wanaume akiwatazama migongo. Kwa Kibwana alisimama.

"Huyu amechapwa," alisema kwa Kiswahili. "Waliochapwa hunywa. Nani hapa anajua lugha?"

"Mimi, bwana," alisema Stambuli. Jembe hakuwa nalo, na shaushi hata angeliona asingelijua.

"Muulize kama amekunywa dawa."

Kibwana alikuwa ameelewa. Kiswahili cha amri na matusi alikuwa amekijifunza shambani kwa akida. Lakini alijibu kwa Kiluguru, taratibu, kidole kikimwelekea shaushi, na mwisho akatema mate.

"Mwambie nimekunywa, na nikipata tena nitakunywa. Mwambie yeye ni mbwa anayemlindia Mdachi mfupa asioruhusiwa kuutafuna."

Askari mmoja alikuwa tayari ameifungua kamba, akipima nafasi ya shingo nyingine. Yuliana alimkumbatia mtoto. Stambuli, aliyemwapia Hidaya kwamba hataosha tena, hakuwahi kukabidhiwa kiazi chenye matope kama kile.

"Anasema karibuni sana, bwana shaushi, poleni na mlima. Anasema ni mgonjwa wa tumbo, tangu masika hajanywa kitu ila uji."

"Mbona ametema mate?"

"Ndilo tumbo lenyewe, bwana."

Shaushi alimtazama kwa muda. Hakuwa mjinga, alikuwa amechoka tu. Akamgeukia Severini.

"Wewe mtu wa padre. Nyinyi nasikia hamsemi uongo. Ndivyo alivyosema?"

Severini alivua kofia. Kibwana aliiona ile kofia mkononi, vidole vikiibana ukingo, vile vile kama siku ile ya pamba, akayaondoa macho. Alitazama chini, mahali ambapo watamlaza. Kamba ilisogea hatua moja. Mtu alikohoa. Mtoto wa Yuliana alianza kulia, akanyamazishwa kwa ziwa.

"Ndivyo alivyosema," alisema Severini. "Ila mzee amesahau jambo moja."

Stambuli aliitazama kamba.

"Amesema yeye ni shemeji yangu, na tumekuwa tukiezeka paa hili pamoja tangu mvua hazijaanza. Namdhamini. Na amesema mbuzi wake mweupe yuko nyuma ya nyumba, amewafungia ninyi."

Shaushi aliutazama mlima uliobaki mbele yake, akalitazama goti lake, akafikiria mbuzi. Baadaye wakaondoka, kamba ikiwavuta walewale iliokuja nao, na mbuzi mweupe nyuma ya wote akilalamika.

Walipopotea kwenye kona, Kibwana alimgeukia shemeji yake.

"Mbuzi wangu! Nimemleta nimpe mtoto! Huna mbuzi wewe?"

"Ulitaka niseme, shemeji," alijibu Severini, kofia bado mkononi. "Nimesema."